Chui wa Unguja na popobawa wanastahili kiti chuo kikuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu jambo ambalo wengi wakilisikia hucheka na wachache hukasirika: kusomesha vyuoni habari za wanyama wanaosemwa kuwapo bila kuthibitishwa, pamoja na habari za popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku vitandani, majinamizi, uchawi na mengineyo ambayo watu wetu huyasimulia usiku na kuyakana asubuhi.

Kilichonisukuma kuandika ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa mwaka wa tatu wa shahada ya elimu ya wanyamapori katika chuo ambacho sitakitaja. Alipeleka pendekezo la utafiti juu ya masimulizi ya wawindaji wa kusini mwa Unguja kuhusu chui. Msimamizi wake alisoma kichwa cha habari, akairudisha karatasi bila kufunua ukurasa wa pili, akamwambia, "Mwanangu, hapa hatusomeshi hadithi za Abunuwasi." Binti akaenda kuandika juu ya mikoko. Sina ugomvi na mikoko, na tasnifu yake ilipata alama nzuri, lakini nilifundisha biolojia sekondari kwa miaka 31 na naamini kwamba siku ile msimamizi yule alikosea, na kwamba kosa lake si lake peke yake.

Nianze na huyo huyo chui. Aliyekwenda jumba la makumbusho la Zanzibar amemwona: amekaushwa na kujazwa, rangi imefifia, macho ya kioo. Mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama wa London, Pocock, alimtambulisha kuwa nususpishi ya peke yake na kumpa jina la *adersi*, kwa heshima ya Dakta Aders aliyekuwa mwanabiolojia wa serikali visiwani. Ni mdogo kuliko chui wa bara na madoa yake yamevunjikavunjika, kama ilivyo kawaida ya mnyama aliyebaki kisiwani maelfu ya miaka baada ya bahari kumtenga na ndugu zake. Hadi hapo hakuna hadithi. Ngozi ipo, na jina la kisayansi lipo.

Hadithi inaanza mtu anapouliza chui huyo alikwenda wapi. Mashamba ya Unguja watu husema chui wako wa aina mbili, wa porini na wa kufugwa, na kwamba wa kufugwa ni mali ya wachawi, ambao huwalisha, huwazalisha na kuwatuma kumdhuru au kumtisha mtu waliyekosana naye. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 imani hiyo iliingia katika utekelezaji. Mganga mashuhuri wa kufichua wachawi, Kitanzi, aliongoza kampeni ya kupiga vita uchawi na kuua chui kwa pamoja, na wawindaji wakaendelea na kazi hiyo miaka mingi baadaye. Mnyama mla nyama mkubwa kuliko wote kisiwani aliwindwa, pamoja na mambo mengine, kwa sababu ya kile ambacho watu waliamini juu yake. Sasa namwuliza msimamizi wa mpwa wangu: mwanafunzi wa wanyamapori ataelezaje kutoweka kwa mnyama huyu bila kugusa uchawi? Ataandika kwamba misitu ilikatwa na paa wakapungua, na atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa ameacha nusu ya sababu nje ya mlango kwa kuwa inanuka ubani.

Tena imani hiyo hiyo ndiyo inayofanya iwe vigumu kusema kwa yakini kwamba chui amekwisha. Maadamu watu wanaamini anafugwa, wataendelea kumwona, nyayo zitaendelea kuonekana kando ya njia, na wapo waliojitolea kuwaonyesha wageni na maofisa chui wa kufugwa kwa malipo, ingawa chui mwenyewe hajapata kutolewa. Katika miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kumhifadhi, nao ukaachwa baada ya watafiti kukosa ushahidi kwamba bado yupo. Kisha mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Kimarekani kilichoongozwa na Forrest Galante kikaonyesha picha ya kamera ya mtegoni ya mnyama anayefanana na chui, na dunia ikaambiwa amepatikana. Kwangu mimi, picha bila kinyesi, bila unywele, bila vipimo vya vinasaba, ni mwanzo wa uchunguzi tu. Lakini nilijiuliza jambo jingine nilipoiona: kwa nini anayekuja kutega kamera msituni kwetu awe mtu wa televisheni kutoka ng'ambo, hali msichana aliyekulia kilomita chache kutoka hapo anaambiwa akaandike juu ya mikoko?

Waliolichukua jambo hili kwa uzito unaolistahili ni wanaanthropolojia wawili, Martin Walsh na Helle Goldman, ambao wamelifuatilia tangu miaka ya 1990, wakiwahoji wawindaji na wanavijiji na kuyaandika yale waliyoambiwa bila kuyakejeli wala kuyameza. Sehemu ya kazi yao ilichapishwa mwaka 2017 katika mkusanyo wa kitaaluma kuhusu anthropolojia na kriptozoolojia, uliohaririwa na Samantha Hurn wa Uingereza. Kriptozoolojia ndilo jina la elimu hiyo ya wanyama wasiothibitishwa, ambayo ilipata umaarufu kwa kazi za Bernard Heuvelmans, mwanazoolojia aliyepata udaktari wake Brussels kwa kuchunguza meno ya mhanga na ambaye mwaka 1955 alichapisha kitabu kikubwa cha Kifaransa juu ya wanyama wasiojulikana. Mwaka 1982 wenzake waliunda chama cha kimataifa, wakachagua okapi kuwa nembo yao. Uchaguzi ule haukuwa wa bure. Okapi alikuwa anajulikana kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, nchini Kongo, vizazi na vizazi, na wataalamu wa Ulaya hawakumwingiza katika vitabu vyao hadi mwaka 1901.

Nitakiri upande wa pili wa shilingi, maana sitaki mtu adhani natetea kila kitu. Chama kile kilikufa mwaka 1998. Makamu wake wa rais, Roy Mackal wa Chuo Kikuu cha Chicago, alisafiri mara mbili mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenda kwenye vinamasi vya Likouala, Kongo-Brazzaville, kumtafuta mokele-mbembe, mnyama anayedaiwa kufanana na dinosaria, akarudi na masimulizi tu. Elimu isiyokuwa tayari kukubali kwamba mnyama hayupo si elimu. Na mtu anayekwenda kijijini na picha ya dinosaria mkononi, akauliza "Je, mmemwona huyu?", ataambiwa ndiyo, kwa sababu mgeni huheshimiwa na swali lake limekwishabeba jibu.

Ndiyo maana nasema jambo hili linahitaji darasa. Kuuliza ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Mtafiti aliyefunzwa haulizi kama chui yupo. Huanza kwa kumwomba mzee amtajie wanyama wote wa msitu ule, mmoja mmoja, na tabia zao, na majina yao. Akileta picha, huchanganya humo mnyama ambaye hakika hayuko eneo hilo, simbamarara wa India kwa mfano, ili ajue ni nani anayeitikia kila kitu. Huuliza nani aliona kwa macho yake na nani aliambiwa, mwaka gani, saa ngapi, umbali wa hatua ngapi.

Kwa njia ya kusikiliza namna hiyo nchi hii ilipata nyani mpya. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji. Walisita, kwa kuwa katika masimulizi ya huko wanyama wa kweli na wa kubuni hutajwa kwa pumzi moja, na kipunji mwenyewe ni mwoga, haonekani ovyo. Mwisho wa mwaka huohuo wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine, bila kujua habari za wenzao, wakamkuta katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 ikabidi apewe jenasi yake mwenyewe, yaani kundi linalokusanya spishi zenye nasaba ya karibu, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Jina lake la kisayansi ni *Rungwecebus kipunji*. Wanyakyusa hawakushangaa.

Nasi wa Tanga tunaye silikanti wetu. Samaki huyu alidhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipoibuka katika meli ya uvuvi huko Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana mwaka 1952 visiwani Komoro, ambako wavuvi walikuwa na jina lao la kumwita, gombessa, na hawakumthamini hata kwa kitoweo. Kwetu alianza kunaswa kwenye jarife za papa, zile nyavu za matundu makubwa zinazoshushwa kwenye kina kirefu, kuanzia mwaka 2003, na sasa tunayo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009. Nilimwona mmoja amelazwa juu ya mkeka Kigombe, magamba yake magumu kama vigae, mapezi yamesimama juu ya vishina kama vikono vya mtoto. Mvuvi aliyemleta alikuwa na swali moja tu, kama analika.

Sasa nije kwenye upande ambao unawatia watu kiwewe zaidi, ule wa mambo ya gizani.

Mwaka 1995 Pemba ililala nje. Habari za popobawa zilianzia huko mwanzoni mwa mwaka, zikavuka hadi Unguja na baadaye Dar es Salaam, na watu wazima wenye akili zao walitoa mikeka barazani wakakesha kwa makundi kando ya moto, wakihofia kushambuliwa na kuingiliwa vitandani mwao. Haikuwa mara ya kwanza, kwani wazee wanakumbuka habari kama hizo za miaka ya 1960, wala haikuwa ya mwisho. Katika taharuki ile ya 1995 mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu mjini Zanzibar kwa kudhaniwa ndiye. Huyo hakuuawa na popobawa. Aliuawa na kutojua, na hiyo ni kazi ya chuo kikuu kama ilivyo malaria.

Tazama ni fani ngapi zinahitajika kulielewa tukio hilo moja. Wanasaikolojia watakwambia kuhusu kule kuamka usiku mwili umekufa ganzi, kifua kimekandamizwa, na hisia kwamba kuna mtu chumbani, jambo linalotokea pale ubongo unapoamka kabla mwili haujaachiwa kutoka usingizini. Watu wetu wamelijua muda mrefu na wana neno lake kamili: kukabwa na jinamizi. Mwanahistoria atauliza kwa nini mwaka ule, akakumbuka kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Mtaalamu wa fasihi simulizi ataona jambo ambalo daktari hawezi kuliona, kwamba ndani ya hadithi yenyewe mlikuwa na sharti: aliyeshambuliwa lazima awaeleze wenzake, ama sivyo popobawa atarudi. Hadithi inayomwamuru msikilizaji aisambaze haihitaji redio.

Wala si kweli kwamba vyuo vyetu havijapata kugusa mambo haya. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, walikuwa wamepatwa wanafunzi 95 kati ya 159. Mwalimu hakupatwa hata mmoja. Wasichana waliporudishwa makwao jambo likawafuata, na huko Nshamba watu 217 wakaugua. Vijijini walisema hewa imeharibika, wengine wakataja mashetani. Rankin wa Makerere na Philip, mganga mkuu wa wilaya, walichunguza chakula na wagonjwa, hawakukuta sumu wala vimelea, na mwaka 1963 wakachapisha matokeo yao katika jarida la tiba, yanayosomwa duniani kote hadi leo. Hakuna aliyewaambia wanaleta hadithi za Abunuwasi. Kila mwaka tunasoma magazetini juu ya shule ambayo wasichana wamepandisha mapepo, mkuu wa shule kaita shehe au mchungaji au wote wawili, na wazazi wamekuja na mabegi. Mwalimu anayehitimu leo atakutana na hali hiyo kabla hajamaliza miaka mitano kazini, na katika masomo yake ya ualimu huenda hajasikia neno Kashasha.

Nchi nyingine zimelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu, na matokeo yao yana mafunzo ya aina mbili. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, J. B. Rhine alianza miaka ya 1930 kupima kama mtu anaweza kujua kadi asiyoiona. Chuo cha Princeton kilikuwa na maabara ya kupima kama nia ya mtu inaweza kuathiri mashine, tangu mwaka 1979 hadi ilipofungwa mwaka 2007, bila kuwaridhisha wanasayansi wengi. Kwa upande mwingine, Edinburgh walirithi fedha za mwandishi Arthur Koestler na mwaka 1985 wakamweka Robert Morris kuwa profesa wa parasaikolojia, elimu inayochunguza nguvu za akili zinazodaiwa kupita maumbile, naye akalea kizazi cha watafiti waliojua kuchunguza sio tu madai ya miujiza bali pia namna watu wanavyodanganywa na wanavyojidanganya. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Exeter kilianza shahada ya uzamili kuhusu uchawi na elimu za siri, ambapo mwanafunzi husoma historia, falsafa, dini na fasihi. Hafundishwi kuruka na ungo.

Kadi za Rhine nilizijaribu mwenyewe darasani, kidato cha tatu, kwa karatasi za manila nilizokata kwa mkasi: kadi 25, alama tano, yaani duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota. Mtu anayebahatisha hupata wastani wa tano. Kijana mmoja alipata kumi. Darasa likapiga kelele, wengine wakasogeza viti, na kuna aliyesema nyumbani kwao wana chano cha mashetani. Nikawapigia hesabu ubaoni: nafasi ya mtu mmoja kupata kumi au zaidi kwa kubahatisha ni chini kidogo ya mbili katika mia, lakini darasani walikuwamo wanafunzi 42, na katika kundi kubwa namna hiyo kumpata angalau mmoja wa hivyo ni karibu nusu kwa nusu. Kisha nikamrudisha kijana yule mezani. Akapata nne. Sijapata kufundisha somo la uwezekano likaeleweka kwa haraka namna ile, na hakuna kitabu cha hisabati kilichonisaidia kama woga wa wale watoto.

Najua watakaonijibu. Watasema ni shirki, nami nawajibu kwamba kuchunguza imani si kuisujudia, kama daktari wa kipindupindu asivyokinywa. Watasema mkopo wa mwanafunzi ni fedha ya umma isiyopaswa kuchezewa. Hilo ni la haki, na kwa sababu hiyo sitaki shahada nzima. Kijana mwenye shahada ya kriptozoolojia atazunguka na bahasha yake hadi soli zimwishe. Naomba kozi moja ya muhula mmoja, itakayofundishwa kwa pamoja na watu wa zoolojia, saikolojia, Kiswahili, historia na sheria. Watu wa sheria nimewataja makusudi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliyoachwa na Mwingereza bado iko vitabuni mwetu, na mawakili wetu wanasimama mahakamani kuhusu vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko tu. Zaidi ya hayo, yako mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambayo hayawezi kukomeshwa na mtu asiyejua hasa mteja wa mganga ameahidiwa nini.

Mtihani wa kozi hiyo nimekwishautunga, kama chuo kitauhitaji: mwanafunzi apewe simulizi moja aliyoikusanya mwenyewe, aonyeshe ni lipi ndani yake linaweza kupimwa, lipimwe kwa nini, na ni matokeo gani yatakayomfanya abadili mawazo. Atakayeshindwa kujibu sehemu ya mwisho ashindwe mtihani wote, hata kama anaamini na hata kama haamini.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kufanya mahojiano 11 kabla ya pendekezo lake kukataliwa. Yamo katika daftari la jalada gumu, kwa mwandiko wake mdogo, majina ya mitego, majina ya mbwa, miezi ya kuwinda. Mmoja wa aliowahoji ni mzee aliyesema alikula kiapo cha kutotaja mahali, kisha akamchorea mahali penyewe kwa kijiti mchangani, akapafuta kwa kiganja. Binti alipachora tena daftarini usiku ule kwa kumbukumbu. Mzee alifariki mwezi wa Rajabu. Daftari liko kwangu, kabatini, na mhadhiri yeyote atakayelihitaji atalikuta.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Biolojia,
Tanga